Ng'ombe asiyeingia joto: tatizo huanzia horini, huishia mfukoni

Katika miezi ya kiangazi si ajabu kumkuta mtu Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, akipakia mabua ya mahindi kwenye pikapu hadi mzigo unapita kimo cha kichwa cha gari. Mzigo huo hupanda mlimani kuelekea Machame, Masama na vijiji vingine ambako vihamba vimejaa migomba na kahawa na hakuna mahali pa kuchungia. Huko ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani, mmoja au wawili kwa kaya, na kila anachokula lazima kiletwe na mtu, ama kwa gari, ama kwa mkokoteni, ama kichwani mwa mama.

Katika mazingira hayo, simu anazopokea mtaalamu wa mifugo hufanana sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu daktari. Huyu ng'ombe wangu huu ni mwezi wa tano tangu azae, joto silioni kabisa."

"Anakula nini, mama?"

"Anakula, mwanangu. Mabua anapata, na migomba namkatia."

Wafugaji wengi hushangaa kuulizwa habari za chakula wakati wao wamepiga simu kuulizia uzazi. Wengine huona mtaalamu anakwepa kazi, kwa kuwa walichotarajia ni kuambiwa siku ya kuchomwa sindano. Lakini swali hilo ndilo lenye jibu, kwa sababu kati ya hori na ovari ya ng'ombe ipo njia ndefu ya mawasiliano. Njia hiyo inapokatika, kaya hupoteza maziwa, ndama na fedha bila kuona mwizi.

Hasara isiyopigiwa kelele

Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Ili azae kila baada ya miezi 12, anatakiwa ashike mimba kabla ya siku 85 kupita tangu kuzaa. Kwa kawaida joto hurudi kila baada ya siku 21, na huweza kuwa kati ya siku 18 na 24. Maana yake ni kwamba kila joto linalopita bila ng'ombe kuonekana, au lisilokuja kabisa, linamwongezea mfugaji wiki tatu za kusubiri.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Ng'ombe aliyetoka kuzaa anatoa lita 10 kwa siku, na yuleyule akikaribia mwisho wa kukamuliwa anatoa lita 4. Kila siku anayochelewa kushika mimba inamweka mfugaji kwenye zile lita 4 badala ya kumrudisha kwenye lita 10. Tofauti ni lita 6, na kwa siku 21 ni lita 126. Majoto manne yakipita ni lita 504. Mfugaji anaweza kuzidisha hesabu hiyo kwa bei anayouzia yeye, iwe kwa jirani, hotelini Bomang'ombe au kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Kuna hasara ya pili ambayo haionekani kwenye ndoo. Ng'ombe anayezaa kila miezi 12 humpa mfugaji ndama watano katika miaka mitano. Anayecheleweshwa kwa majoto manne huzaa kila baada ya miezi 15 hivi, na katika miaka hiyo mitano hutoa ndama wanne. Ndama wa tano huenda angekuwa mtamba wa kurithi banda, au dume la kuuzwa wakati wa kulipa karo. Wakati wote huo ng'ombe anakula, banda linasafishwa na majani yanabebwa.

Kwa Hai jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maziwa katika vijiji vya mlimani yamekuwa kwa muda mrefu fedha iliyo mikononi mwa akina mama. Ushirika wa maziwa wa wanawake wa Nronga, huko Machame, ulianzishwa mwaka 1988 kwa msingi huo. Ng'ombe akikaa mwaka mzima bila mimba, anayeumia kwanza ni mama anayebeba majani.

Yai halikosi, amri ndiyo hukosekana

Wengi hudhani kwamba ng'ombe asiyeonyesha joto hana mayai. Ukweli ni kwamba ndama jike huzaliwa akiwa na makumi ya maelfu ya mayai, kila moja likiwa ndani ya kifuko kidogo sana kwenye ovari. Vifuko hivyo huamka kwa makundi. Katika mzunguko mmoja wa siku 21 huwa na makundi mawili au matatu yanayofuatana kama mawimbi. Katika kila wimbi vifuko kadhaa huanza kukua pamoja, kisha kimoja hupita wenzake kikifika upana wa milimita 8 au 9, na wengine hufa. Kikipata bahati, kifuko hicho kikubwa hufikia milimita 15 hadi 20, hupasuka na kuachia yai.

Bahati hiyo hutegemea amri kutoka kichwani. Sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH kwa vishindo, kama mtu anayegonga mlango, kisha anatulia, kisha anagonga tena. Kila kishindo huifanya tezi ya pituitari, iliyo chini yake, kutoa homoni ya LH. Ipo pia homoni ya FSH, ambayo ndiyo huamsha kundi la vifuko kuanza kukua. Kifuko kikubwa nacho hujibu kwa kutoa estrojeni na homoni iitwayo inhibini. Hizi hushusha FSH, na wadogo hukosa cha kuwakuza.

Kuanzia hapo kifuko kikubwa huishi kwa LH. Vishindo vikija karibu kila saa, kinaendelea kukua, estrojeni hupanda, ng'ombe huanza kulia na kutotulia, na mwishowe pituitari huachia LH nyingi kwa mkupuo ambayo hupasua kifuko. Vishindo vikiwa vichache, kwa mfano kimoja kila saa kadhaa, kifuko hufa kimyakimya na wimbi jingine huanza. Hapo joto haliji.

Uchunguzi wa ovari kwa vipimo vya mawimbi ya sauti umeonyesha kwamba ng'ombe huanza kuotesha kifuko kikubwa mapema sana, hata siku ya 10 au 12 baada ya kuzaa. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa mwezi wa tano asiyeingia joto mara nyingi ameshaotesha vifuko vingi. Vilikua, vikasubiri amri, na vikafa kwa kuikosa.

Barua ya herufi 10

GnRH iko katika jamii ya kemikali zinazoitwa peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga nyama, maziwa na mayai. Protini ni mnyororo mrefu, na peptidi ni kipande kifupi chenye ujumbe. GnRH ina asidi amino 10 tu. Muundo wake ulijulikana mwaka 1971 baada ya makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja likiongozwa na Andrew Schally na jingine na Roger Guillemin, kushindana kwa miaka mingi. Walilazimika kukusanya vipande vya ubongo wa nguruwe na kondoo kutoka machinjioni kwa malaki, kwa sababu kila mnyama ana kiasi kidogo mno cha homoni hiyo. Mwaka 1977 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel.

Mfugaji anaifahamu peptidi nyingine bila kuijua kwa jina. Anapoosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, au ndama anapogonga kiwele kwa kichwa, maziwa hushuka ndani ya dakika moja au mbili. Kazi hiyo hufanywa na oksitosini, peptidi yenye asidi amino tisa inayotoka kwenye ubongo. Ng'ombe akishtushwa au kupigwa, ujumbe huo huzuiwa na maziwa hugoma kushuka. Uzazi nao huendeshwa kwa barua fupi za aina hiyohiyo.

Sheria ya zamani kutoka baharini

Utaratibu huu wa vifuko vya mayai kusubiri barua ya peptidi ni wa zamani kuliko ng'ombe na hata kuliko samaki. Viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo wanautumia pia, na uchunguzi wao umesaidia kueleza mambo yanayofanyika ndani ya wanyama wakubwa.

Mwaka 1959 watafiti waligundua kuwa maji yaliyotengenezwa kwa mishipa ya fahamu ya kiti cha pweza yaliweza kumfanya kiti cha pweza mwingine kumwaga mayai. Miaka 50 baadaye, mwaka 2009, watafiti wa Japani waliitambua peptidi iliyofanya kazi hiyo. Peptidi hiyo huziamuru seli zinazolizunguka yai kutengeneza kemikali ya pili, na hiyo ya pili ndiyo hulikomaza yai.

Huko huko Japani, mnyama mdogo aitwaye Ciona, mwenye umbo la mfuko na anayejishikiza kwenye mawe na matumbo ya mashua, amechunguzwa kwa undani. Mwaka 2008 ilionekana kwamba peptidi za jamii ya takikinini hukuza vifuko vyake vya mayai vilivyo katika hatua ya kujaza kiini. Mwaka 2011 ikapatikana peptidi nyingine inayozuia ukuaji huo, yaani mmoja akikanyaga mafuta, mwingine anakanyaga breki. Mwaka 2019 ikaonyeshwa kuwa kukomaa kwa yai na kutoka kwake huamriwa na peptidi iliyo ya ukoo mmoja na oksitosini, ile inayoshusha maziwa kwenye kiwele.

Kwa kamba wakubwa, jamii ya wale wanaovuliwa delta ya Rufiji, breki iko mahali pa ajabu: kwenye kikonyo cha jicho. Mwaka 1943 Mfaransa Panouse alionyesha kuwa kamba jike akikatwa kikonyo cha jicho, ovari zake hukomaa haraka. Peptidi iliyokuwa ikizuia mayai kujazwa kiini ilikuwa inatengenezwa humo. Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga vya kamba duniani vimejenga biashara yao juu ya ugunduzi huo, ingawa ukatili wake kwa kamba umezua malalamiko na wapo walioanza kuuacha.

Somo ambalo mfugaji wa Hai anaweza kulichukua kutoka kwa viumbe hao ni moja. Yai ni mali ghali kwa mwili wa mama yeyote, na mwili hauruhusu yai kukua na kutoka mpaka upate habari kwamba hali inaruhusu. Kwa ng'ombe, habari kubwa kuliko zote ni chakula.

Njaa inavyofika kwenye ovari

Ng'ombe aliyetoka kuzaa hutoa maziwa mengi kabla hamu yake ya kula haijarudi sawasawa. Kwa wiki kadhaa anatoa nguvu nyingi kuliko anazoingiza, na pengo hilo hulizibia kwa mafuta ya mwili wake. Kidogo cha hali hiyo ni kawaida. Kinachomwangusha ni pengo kuwa kubwa na kudumu.

Habari za pengo hilo hubebwa na homoni ambazo nazo ni peptidi na protini. Insulini, yenye asidi amino 51, hupungua kwenye damu ya ng'ombe mwenye njaa. IGF-1, ambayo hutengenezwa kwenye ini, hupungua pia, na bila hiyo seli za kifuko huwa nzito wa kusikia hata zikiitwa na FSH au LH. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hutolewa na mafuta ya mwili. Mnyama aliyekonda anayo kidogo, na ubongo huusoma upungufu huo kama taarifa kwamba ghala limeisha. Tangu mwaka 2003 inajulikana pia kuwa peptidi iitwayo kispeptini ni mlinzi wa lango. Taarifa nyingi za mwili hupitia kwa seli zake kabla GnRH haijaruhusiwa kugonga.

Matokeo yake ni kwamba ng'ombe mwenye njaa hupunguziwa vishindo vya GnRH na LH. FSH haiathiriki sana, hivyo vifuko vinaamka na kuanza kukua, kisha vinakwama njiani. Ng'ombe hana ugonjwa wala hajarogwa. Mwili wake umefanya uamuzi wa kulea ndama aliyepo kwanza, na wa pili asubiri.

Sasa tuyarudie mabua. Mabua makavu ya mahindi hujaza tumbo, lakini yana protini kidogo sana na nguvu ndogo. Shina la mgomba sehemu kubwa ni maji. Ng'ombe aliyeshiba mabua na migomba anaweza kulala akicheua kwa raha huku damu yake ikipeleka ubongoni taarifa za njaa. Ndiyo maana mama wa kwenye simu alisema kweli aliposema ng'ombe anakula, na mtaalamu naye alikuwa na haki ya kuuliza anakula nini.

Hali huwa mbaya zaidi ng'ombe akiwa wa damu kubwa ya kigeni. Huyo amezaliwa kutoa maziwa mengi, na hutoa hata kwa gharama ya mifupa yake mwenyewe. Mfugaji mwenye hori dogo anayenunua ng'ombe mkubwa kwa sababu ya sifa za lita hununua pia pengo kubwa zaidi la kuziba.

Sindano inasaidia, lakini haijazi hori

GnRH hutengenezwa viwandani na hupatikana kama dawa ya mifugo. Mpango unaojulikana zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 1995. Ng'ombe huchomwa GnRH siku ya kwanza, baada ya siku 7 huchomwa prostaglandini, baada ya siku 2 nyingine huchomwa GnRH tena, na hupandishwa saa 16 hadi 20 baadaye bila kusubiri kuonyesha joto. Kwa ng'ombe mwenye afya ambaye tatizo lake ni joto lisiloonekana, mpango huu unaweza kuokoa wiki nyingi.

Hata hivyo, mambo matatu yanapaswa kuangaliwa. La kwanza, sindano hupasua kifuko kilichopo, lakini haimpi ng'ombe aliyekonda nguvu ya kushika na kulea mimba, na kwake mafanikio huwa madogo. La pili, prostaglandini huharibu mimba, kwa hiyo ng'ombe lazima apimwe kwanza. Dawa hiyo hupenya kwenye ngozi ya binadamu, na mama mjamzito au mtu mwenye pumu hatakiwi kuishika kabisa. Kazi hii ni ya mtaalamu. La tatu, peptidi ikiingia tumboni humeng'enywa kama nyama au maharage. Ndiyo sababu GnRH hutolewa kwa sindano, na mfugaji akiuziwa unga wa kuchanganya kwenye pumba kwa maelezo kwamba una homoni hiyo, ajue fedha yake imepotea.

Mfugaji aanzie wapi

Hatua ya kwanza ni macho. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, hivyo dalili za kutafuta ni kulia bila sababu, kutotulia, kupungua maziwa ghafla, kuacha kula na ute mwepesi wenye kung'aa unaoning'inia. Joto linaweza kuanza na kwisha ndani ya usiku mmoja. Kupita bandani alfajiri na kabla ya kulala, kwa dakika 20 kila mara, hakugharimu kitu. Akionekana asubuhi apandishwe jioni, na akionekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Ikionekana damu kidogo mkiani, joto limekwisha siku moja hadi tatu zilizopita. Mfugaji asikate tamaa, aandike tarehe ukutani na kuanza kumwangalia tena kuanzia siku ya 17.

Hatua ya pili ni kalenda ya chakula. Wakati wa kumtengeneza ng'ombe mwili ni miezi miwili ya mwisho ya mimba, akiwa ameachishwa kukamuliwa. Mbavu zinatakiwa zifunikwe bila mnyama kunenepa kupita kiasi. Baada ya kuzaa ndipo pumba za mahindi na mashudu ya alizeti au pamba vina thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Wafugaji wengi hugawa chakula hicho sawasawa mwaka mzima, au humpa kingi ng'ombe pale tu anapopunguza maziwa. Kiuchumi, mfuko uleule wa pumba huleta faida zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa unalipa mara mbili, kwa maziwa ya leo na kwa mimba ya kesho.

Hatua ya tatu ni kiangazi. Masika hapa huwa Machi hadi Mei na vuli Novemba hadi Desemba. Majani yanayooza kingoni mwa mfereji mwezi Mei ndiyo yanayotafutwa kwa gari mwezi Septemba. Kukausha na kufunga marobota, kupanda matete kwenye kingo za kihamba, na kuongeza lukina au desmodiamu kwa ajili ya protini ni gharama ndogo kuliko joto moja lililopotea. Mabua yakikatwakatwa na kuchanganywa na majani ya jamii ya kunde huliwa zaidi na kupotea kidogo. Maji safi na chumvi ya madini visikosekane.

Hatua ya nne ni kumbukumbu. Tarehe ya kuzaa, ya joto, ya kupandishwa na ya kupimwa mimba zikiandikwa kwenye daftari, mtaalamu anapofika hahitaji kubahatisha. Eneo hili lina bahati ya kuwa barabara moja na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, mkoani Arusha, ambako mbegu huzalishwa na wahimilishaji hufunzwa. Lakini mbegu bora kuliko zote haiwezi kukutana na yai ambalo kifuko chake kimekufa kwa kukosa amri.

Ng'ombe aliyelishwa vizuri na kuangaliwa vizuri, na bado amepita siku 60 tangu kuzaa bila kuonyesha joto, apimwe na daktari wa mifugo. Huenda ana tatizo la kizazi, uvimbe kwenye ovari au ugonjwa mwingine. Hapo ndipo sindano ina nafasi yake. Asipolishwa, jibu litaendelea kuwa swali lilelile la kwenye simu: anakula nini, mama?